Chupa Elfu Saba za Juisi ya Embe

Zuhra alikuwa na duka la jumla la vinywaji mjini Katoro kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwaga mzigo. Kitu kikikaribia tarehe alikishusha bei, kikaondoka. Kilichobakia kililetwa nyumbani, wajukuu wakanywa mpaka wakakinai.

Kilichomponza ni rashi, yaani mbio za dhahabu. Mwaka ule kulivumishwa kwamba kilima kimoja upande wa Ushirombo kina dhahabu ya kuonekana kwa macho, na wiki mbili hazikwisha kabla kilima chote hakijajaa maturubai, majiko na bodaboda. Wachimbaji wakiwa na pesa mpya hawaulizi bei ya soda. Zuhra akaagiza Mwanza maziwa ya pakiti katoni mia moja na juisi ya embe katoni mia tatu, akaomba na stoo ya jirani. Lori lilipofika, maduara, yale mashimo ya wachimbaji kilimani, yalikuwa yameshaingia maji, na dhahabu yenyewe imeonekana kuwa ya juu juu tu. Watu walihama wote ndani ya siku nne. Wengine walisema wamekwenda machimbo ya Segese, wengine hawakuaga.

Alipopiga simu Mwanza kuuliza kama mzigo unaweza kurudi, kijana wa mauzo alimjibu kwa upole kabisa, "Mama, mzigo ukishashuka ni wako."

Basi ukakaa. Zuhra alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, magoti yake yakilalamika kila akiinama. Kila asubuhi alipofungua stoo aliona ule ukuta wa makatoni ya njano, na kila asubuhi aliona kama umesogea karibu zaidi. Aliuza kidogo kidogo. Tarehe ya maziwa ilifika mwezi wa saba, katoni themanini zikiwa bado zimo. Ya juisi ilikuwa mwisho wa mwezi wa nane, na juisi haikuwa imeguswa kabisa, kwa kuwa embe za shambani zilikuwa zimejaa sokoni msimu uliopita na nani anunue embe ya chupa.

Alikuja mtu mmoja asiyemfahamu, amevaa vizuri. Akasema yuko tayari kuchukua vyote. Alikuwa na dawa ya kufutia tarehe na mashine ndogo ya kugonga mpya, na wateja wake wako machimboni huko ndani, hawasomi.

"Wewe hutaonekana popote, Mama," alimwambia.

Zuhra hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na lile jambo lilikuwa rahisi mno. Angeweza kusema ndiyo na jioni ile stoo ingekuwa tupu. Alisema hapana, akaingia ndani kukaa chini, na baada ya kukaa akampigia simu bibi afya wa kata.

Bibi afya aliitwa Paskazia, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, ambaye kofia yake ya pikipiki haikumtoka mkononi. Kata nzima ilikuwa yake peke yake: machinjio, vyoo vya shule, migahawa, na sasa maziwa ya Zuhra.

"Shikamoo, Mama Zuleha," alisema akiingia, maana Zuleha ndiye binti wa kwanza wa Zuhra na ndivyo mtaa mzima ulivyomwita.

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone maajabu yangu."

Paskazia aliyaona, akajaza fomu. Utaratibu ulikuwa mmoja: lori la kukodi, dampo, shimo, mtambo wa kufukia, sahihi mbili. Gharama zote za mwenye mzigo. Zuhra akalipa. Siku ya kuzika alisimama juani pembeni ya shimo akitazama pakiti zikimiminika kama tofali, mtambo ukazigandamiza mara mbili, udongo ukafuata. Akatia sahihi. Siku ile aliporudi nyumbani alilala mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu mumewe azikwe.

Siku ya sita Paskazia alimpigia simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Mama Zuleha, njoo zahanati. Njoo sasa hivi tafadhali."

Kwenye kitanda cha pili kutoka dirishani alilala mtoto wa kike wa miaka mitano, Nelly, macho yamezama, dripu mkononi. Alikuwa ameharisha na kutapika siku mbili. Mama yake, Apolonia, alikaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa akipika chai na chapati pale kwenye karasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na chai yake ilipendwa kwa sababu alitia maziwa. Chini ya kitanda kulikuwa na katoni iliyobondeka, na juu yake herufi mbili za kalamu ya bluu. Zuhra hakuhitaji kuzisoma. Ziliandikwa na mkono wake.

"Niliuziwa kwa bei ya kutupa," Apolonia alisema, bila kuulizwa. "Tarehe niliiona. Nilidhani tarehe ni mambo ya kiwandani tu, maziwa yamefungwa vizuri. Ya chai nilichemsha. Huyu alikunywa mabichi, nilipogeuka."

Zuhra alibaki amesimama. "Maziwa hayo yalikuwa yangu," alisema.

Apolonia aliinua uso. "Ni wewe uliyeniuzia?"

"Hapana. Mimi niliyazika."

"Sasa kama uliyazika, yamefikaje kwa mwanangu?"

Paskazia alitazama sakafu. Zuhra alishika pochi yake. Karatasi yenye sahihi mbili ilikuwa humo, imekunjwa vizuri, na hakuona mahali pa kuitoa.

Nelly aliruhusiwa siku ya tatu. Siku zote hizo Zuhra alipeleka uji asubuhi na supu mchana. Apolonia aliupokea uji, akageukia kitanda. Siku ya kutoka alisema tu, "Wabeja, mayu," ahsante mama ya Kisukuma ambayo mtu humpa hata mgeni wa njiani, akambeba mwanawe mgongoni na kuondoka.

Haikuwa kazi kumpata aliyefukua. Katoro watu wanaongea. Ngassa alikuwa mwanaume wa makamo aliyenunua vyuma chakavu na chupa tupu karibu na dampo, ana mizani na banda la mabati. Zuhra alimkuta akipanga betri za magari.

"Ni wewe uliyefukua maziwa?"

Ngassa hakukana. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akamsogezea ndoo iliyopinduliwa akae. "Nilifukua, Mama. Sisi watatu. Mtambo haujafika hata barabarani tukaanza."

"Kuna mtoto amelazwa."

"Nimesikia." Alikikunja kitambaa chake. "Mimi nami nilikunywa. Mke wangu alikunywa. Hatukuumwa. Yale yaliyopasuka tuliyaacha, tukachukua mazima. Sasa Mama, nisikilize. Ninyi mnakuja na lori la chakula kizima, kimefungwa, mnakiweka chini ya udongo futi tatu mbele ya macho yetu. Mnaondoka. Mlifikiri sisi tutafanya nini?"

"Tulifikiri mtaona kwamba kimetupwa."

"Kila kitu ninachokula kimetupwa," Ngassa alisema. Hakuwa anajitetea, alikuwa anaeleza tu, kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia. "Kama hutaki kinyweke, kimwage. Ukikizika kizima, umekitunza."

Zuhra alirudi dukani kwa miguu, ingawa bodaboda tatu zilimwita. Alikwenda moja kwa moja stoo. Katoni mia tatu za juisi, chupa ishirini na nne kila katoni. Alipiga hesabu mara mbili kwa kuwa ya kwanza hakuipenda. Chupa elfu saba na mia mbili.

Wiki iliyofuata Paskazia alikuja na fomu ya juisi, imeshajazwa nusu.

"Siiziki," Zuhra alisema.

"Mama Zuleha, tarehe imeshapita. Siwezi kukuacha nayo."

"Sijasema nitabaki nayo. Nimesema siiziki. Nitafungua chupa moja moja."

Paskazia aliketi juu ya kreti, akaivua kofia ambayo siku ile alikuwa hata hajakumbuka kuivua. "Unajua ni ngapi?"

"Najua."

"Na utamwaga wapi? Mtaroni siruhusu. Mtoni siruhusu. Sukari yote ile, mto utanuka mpaka Krismasi."

Zuhra alikuwa na jibu, lakini hakuwa na uhakika nalo. Kulikuwa na mkulima mmoja, Mayala, mwenye ng'ombe kumi na wanne na ekari sita nje ya mji, ambaye siku za mnada aliegesha mkokoteni wake kivulini mwa duka. Jana yake Zuhra alimwuliza mahindi yake yakoje, kwa mazoea tu, na Mayala akasema shamba limechoka. Amelilima miaka ishirini bila kulipumzisha, mbolea ya dukani haikamatiki, na samadi aliyonayo inakauka juani kama mkaa, haiozi. Inataka maji na kitu cha kuichachua. Ndipo Zuhra akamwuliza kuhusu juisi. Mayala alifikiri, akasema tuijaribu, ila iongezwe maji mengi, la sivyo tutaita nyuki wa wilaya nzima.

Paskazia aliisoma fomu yake upya, polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hapa wameandika kuteketeza," alisema mwishowe. "Hawajaandika kuzika. Nitalazimika kukaa pale mpaka chupa ya mwisho, Mama. Nikiondoka dakika tano, karatasi yangu itakuwa uongo kama ile ya kwanza."

"Basi kaa."

"Nitakaa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeongezewa mzigo kichwani huku wa kwanza haujashushwa.

Walianza siku ya Jumatatu, alfajiri, kabla ya jua kuwaamsha nyuki. Mayala alikuwa amechimba mfereji mrefu usio na kina pembeni ya zizi, akatandika mabua ya mahindi, juu yake samadi, juu yake pumba za mpunga. Mapipa mawili ya maji yalisimama tayari. Zuhra alikuja na Ngassa. Alikuwa amemfuata tena bandani kwake na kumwambia: chupa tupu zote ni zako, lakini unafungua pamoja nasi, na hakuna kizima kitakachotoka. Ngassa alicheka kidogo, akakubali.

Wakakaa wanne kwenye vigoda: Zuhra, Ngassa, Mayala na mkewe Mayala. Paskazia alikaa juu ya jiwe na daftari lake, na baada ya nusu saa akaliweka chini, akachukua chupa naye.

Kizibo cha chupa ya juisi si kitu. Mtu hukifungua bila kufikiri. Lakini kizibo cha mia mbili hukwaruza kiganja, na cha mia tano hutoa lengelenge. Zuhra alijifunga kitambaa mkononi, kikalowa, kikaanza kunata. Harufu ya embe ilikuwa nzuri kwa dakika kumi za mwanzo. Baadaye ilimkaa kooni. Walifungua, wakamimina pipani, Mayala akachanganya na maji na kunyunyizia mfereji, wakafungua tena. Saa tatu nyuki walifika. Mkewe Mayala akapigwa shavuni. Wakaacha, wakafunika mapipa, wakarudi nyumbani wakinata mpaka kwenye nyusi. Siku ile walikuwa wamefungua katoni sabini na nane tu.

Siku ya pili habari ilikuwa imeenea. Wanawake wanaochota maji kisima cha jirani walisimama kandokando ya uzio wa miiba, ndoo vichwani, wakitazama. Kisha mmoja, mama mzee, aliingia mpaka karibu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka," Zuhra aliitikia salamu ile ya asubuhi, na kwa kuwa yule alikuwa mkubwa kwake akaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba. Ni juisi hiyo?"

"Ni juisi, Mama. Imepitwa na tarehe."

"Ina ubaya gani? Inanuka?"

Zuhra hakutaka kudanganya. "Hainuki. Huenda ziko ambazo hazina ubaya wowote. Sijui zipi."

"Basi nipe moja tu. Nina wajukuu wanne na mmoja anaumwa, hataki kula. Mimi nitaionja kwanza."

Mikono ya wote ilisimama. Ngassa alimtazama Zuhra, na Paskazia alitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe. Ilikuwa nzima, safi, rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Zuhra aliwaza kwamba kumpa ingekuwa rahisi, tena ingeonekana ni wema.

"Siwezi, Mama," alisema. "Nisamehe. Nimeshalaza mtoto wa mtu zahanati."

Mama mzee alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Watu mna roho," alisema. "Mnanywesha mavi ya ng'ombe." Akageuka, na wale wengine wakaondoka naye wakisema maneno ambayo Zuhra aliyasikia yote.

Kisha mtu mwingine akaja kutoka upande ule ule wa uzio, peke yake, bila ndoo. Ilikuwa Apolonia. Alikuwa amesimama pale tangu mwanzo.

"Nimekuja kuona kwa macho yangu," alisema.

"Nelly yukoje?"

"Anacheza. Amekonda." Akavuta kreti tupu, akaipindua, akakaa. Alichukua chupa, akaisoma tarehe kwa makini, akaifungua na kuimimina. Halafu nyingine. Viganja vyake vilikuwa vya mtu anayesukuma chapati miaka yote, na alifungua haraka kuliko mtu yeyote pale. Hakuongea na Zuhra mpaka jua lilipopanda. Hapo alisema, bila kumtazama, "Yule mzee umemnyima mbele za watu. Mimi kama ningenyimwa vile, ningekutukana zaidi. Lakini mtoto wangu asingelala zahanati."

Walimaliza Jumatano, saa nne asubuhi, wakiwa wamejifunika khanga na mashati kichwani kwa ajili ya nyuki. Chupa ya mwisho aliifungua Paskazia, si kwa sherehe. Ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wake. Alihesabu magunia ya chupa zilizobondwa, akaandika, akamwomba Zuhra atie sahihi. Zuhra hakuweza kuishika kalamu. Vidole havikukunjika. Akaweka dole gumba, kama mtu asiyejua kusoma, likaacha alama ya njano.

Lile tuta la samadi lilitoa mvuke wiki tatu. Lilinuka kama pombe, na wanaume wawili walifika kuulizia kama kuna kinachouzwa. Mvua zilipoanza Mayala alilisambaza kwenye ekari moja tu, kwa sababu halikutosha zaidi. Mahindi ya ekari ile yalikuwa ya kijani kuliko ya jirani, yalisimama vizuri, ingawa viwavi hawakuchagua, walikula huku na huku. Zuhra alipomwuliza kama ilifaa, Mayala alisema, "Imefaa. Lakini shamba ni ekari sita, mayu."

Paskazia aliandika taarifa yake, akaipeleka juu. Hakupata jibu. Aliitisha mkutano wa wafanyabiashara wa vinywaji na unga, akamwomba Zuhra awaeleze. Walikuja wanne, na mmoja alisinzia. Zuhra aliwaambia kwa ufupi: agizeni kidogo, someni tarehe kila wiki, kikibaki na miezi miwili kitoeni kikiwa bado ni chakula, kiuzwe nusu bei au kitolewe sadaka. Kikishapita, msikizike kizima. Mmoja aliuliza nani atalipa vibarua wa kufungua. Zuhra alisema hajui. Yeye hakulipa vibarua.

Dukani kwake sasa, kila Alhamisi, anapita stoo na miwani yake akisoma tarehe, katoni moja baada ya nyingine, mkono mmoja ukiwa ukutani ili magoti yasimwangushe. Apolonia huja kumsaidia zile za juu, na huondoka na maziwa ya chai yenye tarehe ya mbele, kwa bei ya jumla. Hawajawa marafiki hasa. Wanaulizana hali.

Mwezi wa pili, asubuhi, mwanaume mmoja alisimamisha Canter mbele ya duka. Zuhra hakumjua. Alisema ametoka Segese, ana magunia arobaini ya unga, paa lilivuja, umeota ukungu, na kuna watu wameshakuja kuutaka wakauchekeche na kuuuza. Yeye hataki.

"Nimeambiwa wewe ndiye unajua pa kupeleka," alisema.

Zuhra aliangalia lile gari, na turubai lake, na vumbi jeupe lililotokeza kingoni. Alitaka kumwambia kwamba yeye ni muuza soda, kwamba kuna ofisi, kuna watu wanaolipwa. Alijua ofisi ni Paskazia na pikipiki yake, na kwamba leo Paskazia yuko machinjioni.

Alivuta kiti cha pili, akamsogezea yule mgeni, akamwambia akae amsubiri amalize chai yake, ndipo watampigia Mayala.